Deraya Bila Kiapo: Kushuka kwa Filamu za Mashujaa wa Farasi

Kasri la Doune liko Uskoti, karibu na mji wa Stirling. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 14 kwa ajili ya Robert Stewart, Duke wa Albany, na kuta zake zingali imara. Kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, yaani MGM, ililitumia ilipotengeneza Ivanhoe, filamu iliyotoka mwaka 1952. Mwaka 1974 walikuja wachekeshaji wa Monty Python wakapiga hapo picha za filamu yao ya kumdhihaki Mfalme Arthur na wenzake. Mwaka 2009 zilifika kamera za kipindi cha majaribio cha Game of Thrones, na ua wa kasri ukageuzwa kuwa Winterfell, nyumbani kwa Ned Stark, mtu mwaminifu ambaye hukatwa kichwa kabla ya msimu wa kwanza kumalizika. Mawe ni yaleyale. Kila kundi lilikuja na imani yake kuhusu mtu aliyevaa deraya na kuapa kwamba atamlinda mnyonge, na imani hiyo ilikuwa ikipungua.

Kwa karibu miaka arobaini, tangu Robin Hood ya Douglas Fairbanks ya mwaka 1922 hadi El Cid ya 1961, filamu za upanga, mkuki na ngome zilikuwa biashara ya uhakika Hollywood. Leo studio kubwa zinaziogopa, na zina sababu. King Arthur: Legend of the Sword ya Guy Ritchie, iliyotoka 2017, iligharimu takriban dola milioni 175 ikakusanya chini ya milioni 150 duniani kote. Ilikusudiwa kuwa ya kwanza kati ya filamu sita. Ya pili haikutengenezwa. Robin Hood ya 2018 iligharimu karibu dola milioni 100 na haikufikisha milioni 90. The Last Duel ya Ridley Scott, ya mwaka 2021, ilitumia karibu milioni 100 ikaambulia takriban milioni 30. Na hizo ni hesabu za mlangoni, kabla wenye majumba ya sinema hawajachukua fungu lao.

Maelezo mepesi ni kwamba watu wamezichoka panga na farasi. Maelezo hayo hayasimami. Filamu tatu za The Lord of the Rings zilijaza kumbi kuanzia 2001, na ya mwisho ilizoa tuzo 11 za Oscar, sawa na zile za Ben-Hur. Game of Thrones ilitazamwa kwa misimu minane. Panga zipo, deraya zipo, ngome zinazozingirwa zipo, na watazamaji wapo. Kilichoanguka ni filamu ya shujaa wa farasi yenyewe, ile inayofanyika katika dunia yetu, katika Uingereza ya Mfalme Richard au Hispania ya karne ya 11. Ili kuelewa ilivyoanguka, ni vizuri kwanza kuitazama ilipokuwa kileleni, na kwangu kilele hicho ni Ivanhoe.

Kisa chake kinatoka katika riwaya ya Walter Scott. Wilfred wa Ivanhoe, Msaksoni aliyefukuzwa na baba yake kwa kumfuata Mfalme Richard vitani, anazunguka Ulaya akiimba chini ya madirisha ya ngome hadi siku sauti ya mfalme inapomjibu kutoka kifungoni Austria. Fidia inayodaiwa ni marki 150,000 za fedha. Ivanhoe anamwendea Isaac wa York, mzee wa Kiyahudi, kumwomba watu wake wachange, na yeye anatoa neno lake kwamba Richard akirudi Wayahudi watatendewa haki. Rebecca, binti wa Isaac, anatoa vito vyake ili mgeni huyu apate farasi na deraya za kuingilia mashindano ya mikuki pale Ashby. Baadaye Rebecca anashtakiwa kwa uchawi, anahukumiwa kuchomwa moto, na Ivanhoe anajitokeza kupigana kwa niaba yake dhidi ya Brian de Bois-Guilbert, mtu anayempenda Rebecca na ambaye kiburi chake kimemfikisha mahali pa kupigana ili Rebecca afe. Mmoja ana shoka, mwingine ana rungu la mnyororo.

Hebu tazama kinachokiendesha kisa hicho. Mapigano yote makubwa yamefungwa kwenye ahadi. Ivanhoe anapigana Ashby kwa sababu ameahidi, anapigana mwishoni kwa sababu anadaiwa, na anayemdai ni mwanamke wa jamii ambayo kila mtu mwingine katika filamu anaidharau au kuikamua. Filamu hiyo ilitoka miaka saba baada ya kambi za mauti za Wanazi kukombolewa, na hakuna mtazamaji wa 1952 ambaye hakujua maana ya Rebecca kusimama mbele ya mahakama iliyokwisha kuamua. Elizabeth Taylor alikuwa na miaka 19 wakati wa kupiga picha. Macho yake katika baraza lile yanabeba uzito ambao filamu nyingi zenye vita vikubwa zaidi hazijawahi kuubeba.

Stelingi mwenyewe, Robert Taylor, alikuwa amekaribia miaka 40, na uso wake haubadiliki sana. Wako waigizaji bora kuliko yeye katika filamu hiyohiyo. George Sanders, anayemcheza Bois-Guilbert, anampita mbali. Lakini Taylor anapotamka kiapo, hatoi dalili yoyote kwamba yeye binafsi yuko juu ya maneno hayo. Anayasema kwa uzito wake wote. Sifa hiyo ilidhaniwa kuwa ndogo kwa sababu wakati ule ilikuwa nyingi.

Nyuma ya kiapo palikuwa na karakana. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikihangaika na uhaba wa dola baada ya vita, iliweka kodi ya asilimia 75 kwenye filamu za kigeni. Makampuni ya Marekani yakasusa kupeleka filamu mpya. Mkataba wa 1948 ulimaliza mgomo huo kwa sharti kwamba yasitoe nje zaidi ya dola milioni 17 kwa mwaka. Zilizobaki zitumike hukohuko. Fedha zilizokwama zilihitaji mahali pa kutumika, na ngome ilikuwa jibu zuri sana. MGM ilijenga kasri zima katika uwanja wa studio yake ya Borehamwood, kaskazini mwa London. Walt Disney naye alitengenezea Robin Hood yake ya 1952 Uingereza kwa hesabu hiyohiyo.

Fedha hizo zilikuta mafundi wanaosubiri. Alfred Junge, aliyebuni mandhari, alikuwa amepata Oscar kwa Black Narcissus. Roger Furse alikuwa amewavisha wapiganaji wa Henry V ya Laurence Olivier mwaka 1944. Mpiga picha Freddie Young ndiye aliyekuja baadaye kutupa jangwa la Lawrence of Arabia. Miklós Rózsa alitafuta nyimbo za zama zile, zikiwemo za waimbaji wa kale wa Ufaransa, akazifuma ndani ya muziki wake. Yakima Canutt, bingwa wa kuanguka na farasi aliyekulia katika filamu za kauboi, ndiye aliyesimamia vishindo; miaka michache baadaye aliongoza mbio za magari ya farasi katika Ben-Hur. Watu hawa walifanya kazi ya pamoja mwaka baada ya mwaka, wakirithishana ujuzi. Mkuki wa Ashby unavunjika kwa mlio unaouamini kwa sababu kuna mtu aliyekuwa amevunja mikuki kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Gharama ilikaribia dola milioni 4. Ivanhoe ikawa miongoni mwa filamu zilizoiingizia MGM fedha nyingi zaidi mwaka ule, ikateuliwa kugombea Oscar ya filamu bora.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. MGM iliwarudisha Robert Taylor na mwongozaji Richard Thorpe kwa Knights of the Round Table mwaka 1953, filamu yake ya kwanza kwa skrini pana ya CinemaScope, kisha Quentin Durward mwaka 1955. Wengine hawakusubiri. Mwaka 1954 pekee zilitoka Prince Valiant, The Black Knight, The Black Shield of Falworth na King Richard and the Crusaders. Skrini ilikuwa imepanuka ili ishindane na televisheni, na ilihitaji vitu vya kuijaza: farasi zaidi, bendera zaidi, mahema zaidi. Kiapo kilibaki kama desturi ya kutamkwa kabla ya kishindo. Katika Knights of the Round Table mtu anaweza kusahau Lancelot ameahidi nini na kwa nani, na filamu itaendelea bila kumsubiri akumbuke. Hapo ndipo ninapoona ufa wa kwanza, mwaka mmoja tu baada ya kilele, wakati mapato yangali mazuri na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuutazama.

Televisheni nayo ilimchukua shujaa. The Adventures of Robin Hood, iliyoanza 1955, ilifikisha vipindi 143. Sir Lancelot alifuata 1956, na mwaka 1958 Roger Moore akawa Ivanhoe wa kila wiki. Ilikuwa kazi nzuri kwa kiwango chake, lakini iliwafundisha watu wazima kwamba deraya ni mambo ya watoto wanaorudi shule jioni.

Historia ya vipindi hivyo ina jambo ambalo haifai kulipita. Robin Hood wa televisheni aliandikwa kwa sehemu kubwa na Wamarekani waliopigwa marufuku Hollywood kwa kushukiwa ukomunisti, akiwemo Ring Lardner Jr., wakitumia majina ya bandia chini ya mtayarishaji Hannah Weinstein. Na Ivanhoe yenyewe ilibeba jeraha hilo. Marguerite Roberts alikuwa mmoja wa waandishi wake. Mwaka 1951 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akakataa kuwataja wenzake, na jina lake likaondolewa kwenye filamu. Filamu ambayo kilele chake ni mwanamke anayehukumiwa kwa tuhuma za uongo ilitoka ikiwa imemfuta mwanamke aliyesaidia kuiandika. Robert Taylor, anayempigania Rebecca kwenye skrini, alikuwa ametoa ushahidi mbele ya kamati hiyohiyo mwaka 1947 akiwa upande wa washtaki. Roberts alikaa nje ya kazi yake miaka mingi, akarudi, na mwaka 1969 ndiye aliyeandika True Grit. Nayasema haya kwa sababu wanaoililia Hollywood ya zamani mara nyingi huililia kama nyumba ya heshima. Heshima ilikuwa kwenye skrini. Nyuma yake watu walivunjiana ahadi kama popote pengine, na pengine ndiyo maana walioandika juu ya ahadi waliandika kwa uchungu wa kweli.

El Cid ilikuja kama pumzi kubwa ya mwisho. Samuel Bronston aliitengenezea Hispania mwaka 1961, Anthony Mann akiongoza, na Yakima Canutt akiwepo tena kupanga pambano la kugombea mji wa Calahorra mbele ya kasri la Belmonte. Mji wa pwani wa Peñíscola uligeuzwa kuwa Valencia. Rodrigo wa Charlton Heston anawaachilia huru maamiri Waislamu aliowateka, nao wanamlipa kwa uaminifu mpaka mwisho. Ni filamu inayoamini kwamba neno la mtu linaweza kuvuka mpaka wa dini, na ilitazamwa sana. Bronston alijitanua kupita kiasi, na mwaka 1964 kampuni yake ilianguka kwa madeni pamoja na The Fall of the Roman Empire. Studio ya Borehamwood ilifungwa mwaka 1970. Mwaka huohuo MGM ilipiga mnada mavazi na vifaa vyake huko California. Karatasi za muziki za orkestra zake zilitupwa. Wanamuziki walipotaka kuurekodi upya muziki wa Ivanhoe katika miaka ya 1990, ilibidi sehemu za ala ziandikwe tena.

Kufilisika huko kulivunja mkono wa filamu hizi, lakini moyo ulikuwa umeshaanza kusimama kwa sababu nyingine. Dhihaka ilikuwepo tangu zamani na haikuua kitu: The Court Jester ya Danny Kaye, ya 1955, ilimweka Basil Rathbone, adui wa Errol Flynn katika The Adventures of Robin Hood ya 1938, achekwe na upanga wake mkononi, na bado upanga ule ulikuwa mkali. Monty Python waliigeuza dhihaka kuwa hukumu. Filamu yao ina akili nyingi na ninaipenda. Lakini baada yake mwongozaji wa filamu ya Arthur aliingia uwanjani akiogopa kuchekwa. Woga huo ndio uliozaa tabia mbili ambazo hazijatutoka. Ya kwanza ni ya shujaa anayejikebehi kabla wengine hawajamkebehi. Ya pili ni tope: rangi ya kijivu, damu nyingi, nyuso chafu, kama kwamba uchafu ni ushahidi wa ukweli.

Wakati huohuo imani ilihama nyumba. Star Wars ya 1977 ilichukua upanga, kiapo, mwalimu mzee na mwanafunzi, na muziki wa John Williams unaofuata nyayo za Erich Korngold, mtunzi wa Robin Hood ya 1938. Yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha uhamaji huo. Bob Anderson aliiwakilisha Uingereza katika mchezo wa upanga kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Alifanya kazi na Errol Flynn katika The Master of Ballantrae. Miaka ya 1980 ndiye aliyevaa vazi jeusi la Darth Vader wakati wa mapambano ya upanga wa mwanga, na baadaye akawafunza waigizaji wa The Lord of the Rings. Mkono uliofanya kazi na Flynn ulikuwa ungali na kazi tele. Ilikuwa kazi ya sayari nyingine na ya nchi zisizokuwepo. Huko hakuna aliyeona haya kuapa.

Sasa lazima tuikabili hoja nzito zaidi dhidi ya filamu hizi za zamani, kwamba zilidanganya. Zilidanganya kweli. Uhasama wa Wasaksoni na Wanormani katika Ivanhoe ni chumvi ya Walter Scott. Zaidi ya karne moja ilikuwa imepita tangu uvamizi wa 1066. Wakulima karibu hawaonekani. Richard anatukuzwa kuliko alivyostahili. Mbaya kuliko yote ni Vita vya Msalaba: katika King Richard and the Crusaders, Salahuddin anachezwa na Mwingereza Rex Harrison aliyepakwa rangi. Msomaji wa pwani yetu, ambako Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate katika karne ya 18 ukisimulia vita vya Waislamu na Warumi wa Mashariki, hahitaji kuelezwa kwamba upande wa pili ulikuwa na mashujaa wake, farasi wake na viapo vyake. Mwaka 1963 Youssef Chahine wa Misri alijibu kwa filamu yake mwenyewe ya Salahuddin, Ahmed Mazhar akiwa stelingi. Kinachonivutia ni namna alivyojibu. Hakusema kwamba mashujaa hawapo. Alichukua farasi, bendera na kiapo, akavikabidhi kwa mtu aliyenyimwa.

Hollywood iliposhtakiwa uongo, ilichagua njia tofauti: iliacha kuamini kabisa na kuuita msimamo huo uhalisia. Hata hivyo, kumvua shujaa heshima yake hakumpi mkulima sauti. Robin Hood ya Ridley Scott ya mwaka 2010 ina nyuso chafu na majadiliano marefu ya haki za raia, na wanakijiji wake ni wa pembeni kama walivyokuwa mwaka 1938. Mwongozaji huyohuyo alikuwa amekaribia sana kupata jibu mwaka 2005 katika Kingdom of Heaven. Salahuddin wa Ghassan Massoud, mwigizaji wa Syria, ndiye mtu mwenye hadhi kubwa kuliko wote katika filamu ile, na anaitimiza ahadi yake Yerusalemu inapojisalimisha. Lakini toleo lililopelekwa kwenye kumbi lilikatwa mno. Toleo kamili la mwongozaji, la zaidi ya saa tatu, ni filamu nyingine kabisa, na ningeiweka karibu na El Cid bila kusita.

Zipo nyingine chache zinazonifanya nisiamini kwamba mlango umefungwa. Robin and Marian ya Richard Lester, ya 1976, inamwonyesha Sean Connery akiwa Robin mzee anayepumua kwa shida, na haimdhihaki hata mara moja. The Green Knight ya David Lowery, ya 2021, ilitengenezwa kwa sehemu ndogo ya fedha zilizoteketea kwenye King Arthur ya Ritchie. Kisa chake chote ni mtu mmoja, Gawain wa Dev Patel, aliyekubali kurudishiwa pigo baada ya mwaka, na sasa mwaka umefika. Hakuna jeshi. Kuna neno lililotolewa mbele ya mashahidi na hofu ya kulitimiza, na ukumbi unakaa kimya kwa saa mbili.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tatizo ni bajeti, wala na wanaosema ni vijana wa leo. Ivanhoe ilikuwa na fedha zilizokwama na mafundi wa ajabu, na Legend of the Sword ilikuwa na fedha mara nyingi zaidi na kompyuta zinazoweza kujenga ngome yoyote. Ya pili haikumpa Arthur mtu hata mmoja wa kumdai.

Msomaji anayetaka kuipima hukumu hii aitazame Ivanhoe usiku mmoja na Legend of the Sword usiku unaofuata. Asihesabu farasi wala moshi wa vita. Aangalie tu nani amemwahidi nani kitu gani, na kama filamu yenyewe inajali iwapo ahadi hiyo imetimizwa.